Nilivyoitikia Lindo la Jirani

Kilichoninyima usingizi ni kutojua kama nilikuwa nimekosa. Ningejua kwa hakika kwamba nimekosa, nadhani ningelala. Mkosaji hulia, huomba radhi, hulala. Mimi niliirudia alasiri ile kuanzia saa nane na nusu hadi karibu saa kumi na moja, dakika kwa dakika, na kila nilipofika mwisho nilitoa hukumu tofauti. Mara nilikuwa nimemharibia mwanamke mmoja chakula chake cha mwaka. Mara nilikuwa mtu aliyetoka kwenda kupokea simu, basi. Nikigeuka upande wa pili wa kitanda, naanza upya.

Nianze na neno lenyewe, maana kwangu mambo yote huanzia kwenye maneno, na huo ni ugonjwa nilioupata chuo kikuu nilikosomea Kiswahili. Neno ni kuamia. Kwenye mtihani wa mwaka wa pili niliandika kwamba kuamia ni kulinda mazao shambani yasiliwe na ndege, nikapewa alama zote. Wakati huo nilikuwa sijawahi kuamia hata suke moja.

Kwetu ni Dunda, pale Bagamoyo mjini. Hatuna shamba. Baba ana duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki, mama anapika vitumbua vya asubuhi. Nilipokuwa nikifikiria jambo hili baadaye, nilishangaa jinsi tunavyolinda vitu vingi nyumbani bila kulitaja neno kulinda. Mama akiwa na maziwa jikoni anasema, "Niangalizie," na hapo huruhusiwi kubanduka hata kama nyumba inaungua. Baba akienda msikitini anasema, "Kaa hapo dukani." Kulinda ni kazi ya mlinzi, mtu mwenye koti zito na rungu, anayelipwa. Mgonjwa tunamuuguza. Na mtu akifa, mwili wake hauachwi peke yake mpaka uzikwe, lakini hata hilo hatuliiti kulinda. Tunasema tu kwamba fulani na fulani wamekaa naye. Kwa hiyo nilikua nikijua kukaa, kuangalia na kuuguza, na kuamia nikalijua kwa karatasi.

Mwaka mzima baada ya kuhitimu nilikuwa nyumbani, natuma maombi ya kazi na kusubiri. Masika ilipokwisha, shangazi yangu, dada wa baba, aliniita Makurunge. Ana majaruba ya mpunga bondeni, karibu na mto, na mwaka huu presha ilikuwa inampanda na kushuka, na daktari alimwambia apunguze jua. Mpunga wake ulikuwa kwenye maziwa, yaani punje zimeshatoka lakini ndani bado ni uji mweupe. Huo ndio wakati ambao kweleakwelea wanaupenda kuliko wote. Wanaminya punje, wananyonya uji, wanaacha ganda.

"Njoo uniamie," aliniambia kwenye simu. "Kazi yenyewe ni kupiga kelele. Umesoma miaka mitatu, kelele huzikosi."

Nilikwenda, na siku ya kwanza tu nikagundua kwamba jibu langu la mtihani halikuwa na maana yoyote kwa ndege.

Kuamia kunafanyika juu ya dungu. Dungu ni kichanja cha miti kilichoinuliwa juu kidogo kuliko kimo cha mtu, chenye ngazi ya vijiti na paa la makuti. Kutoka pale, kamba zinakwenda pande zote za shamba, na kwenye kamba kumefungwa makopo ya rangi, madumu yaliyokatwa, chochote chenye mlio. Ukivuta kamba, makopo yanagongana. Ndege wakizoea makopo, unapiga kelele. Wakizoea kelele, unachukua kombeo, unaweka donge la udongo, unalizungusha na kuliachia. Unakuwa juu tangu alfajiri kabla hawajaamka wao, mpaka jua linapozama wakaenda kulala kwenye matete. Katikati ya mchana wanapumzika kidogo, na wewe unapumzika kidogo.

Siku tatu za mwanzo shangazi alikaa na mimi juu ya dungu, chini ya makuti, akinifundisha. Nilidhani kazi ni kuwaona ndege na kuwafukuza. Akanipiga kikofi cha mgongo nilipotupa donge langu la kwanza.

"Unawapeleka wapi hao?"

"Waondoke."

"Waondoke waende wapi? Huko ulikotupa si kwa jirani? Unatupia nyuma yao, wanyanyukie mtoni. Kuwafukuza kila mtu anaweza. Unawafukuza halafu wanatua kwa mwenzio, hiyo kuamia gani?"

Nililiandika hilo kwenye daftari. Kwenye fasili yangu ya mtihani hapakuwa na jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu au zaidi kidogo, mjane, mwenye sauti kubwa. Majaruba yake yalipakana na ya shangazi, na dungu lake lilionekana vizuri kutoka kwetu. Alikuwa akiishi na mama yake mzee, mgonjwa wa kitandani, kijijini, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mpunga ule ndio ungewalisha wao wawili hadi masika nyingine. Hilo alilisema mwenyewe, bila kulalamika, kama anavyosema mtu kwamba leo ni Jumanne.

Yeye na shangazi walizungumza siku nzima kwa kupaza sauti, juu ya vichwa vya mpunga, na katika mazungumzo yao neno kuamia lilitumika kwa vitu ambavyo hakuna mtu aliyenifundisha darasani. Kuna dada mmoja wa kijijini ambaye humfuata mumewe kila aendako.

"Anamwamia yule mwanaume!" jirani alipaza sauti.

"Na makopo kamfungia?" shangazi akauliza.

"Angeweza angemfunga! Halafu kama mpunga wenyewe ungekuwa wa kuliwa, sawa. Lile ni pumba tupu!"

Walicheka mpaka shangazi akashika ubavu. Halafu jirani akaniona nimeinama kwenye simu, nikitafuta mtandao ambao haukuwepo.

"Na wewe msomi, unaamia simu? Itatoa masuke lini?"

Nikacheka pia. Nilikuwa nasubiri ujumbe kutoka ofisi moja ya Dar inayochapisha vitabu vya shule. Nilikuwa nimeomba nafasi ya mhariri msaidizi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikulijua. Mtu akitaka kushuka kwenye dungu lake, kwenda kuswali au kula au kujisaidia, hupaza sauti: "Nashuka!" Mara nne, tano kwa siku sauti hiyo hupita bondeni. Na kutoka madungu ya karibu, mtu huitikia. Shangazi alikuwa akiitikia, nami niliitikia pamoja naye, kwa sababu nimelelewa hivyo. Kwetu mtu mzima akipaza sauti, sauti yake haiachwi ikaanguka chini. Msichana anaitika abee, mvulana naam, hata kama hajui anaitiwa nini. Kulikuwa na mzee mmoja upande wa pili wa jirani ambaye mara nyingi hakuitikia kabisa. "Nashuka!" anaambiwa, yeye kimya, anavuta kamba zake. Nilimwona hana adabu. Mimi nikaitikia kwa sauti zaidi ili kuziba kimya chake.

Siku ya nne shangazi alikwenda Bagamoyo kupimwa presha. Nikabaki peke yangu. Asubuhi ilipita vizuri. Saa nane na nusu mchana jirani alipaza sauti.

"Nashukaaa!"

"Abee! Haya mama!" nikajibu.

Nilimwona akishuka, akijifunga kanga vizuri, akaelekea njia ya kijijini. Nilipomkumbuka baadaye nilikumbuka kwamba hakugeuka hata mara moja kuangalia shamba lake. Mtu anayegeuka ana wasiwasi. Yeye alikwenda moja kwa moja.

Kwenye saa tisa simu ililia mlio mmoja, ujumbe umejipenyeza. Ile ofisi. Watanipigia saa tisa na nusu kwa usaili wa simu. Kutoka kwenye dungu usingeweza kuzungumza na mtu. Mtandao unapatikana kwenye kichuguu kilicho kando ya barabara, mwendo wa dakika kumi. Niliangalia majaruba ya shangazi. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Nilivuta kamba zote kwa zamu, kama mtu anayekagua milango kabla ya kutoka. Nikajiambia: nusu saa. Shamba la jirani sikulifikiria. Hilo nataka liandikwe jinsi lilivyo, kwa sababu nimelichunguza sana. Sikulifikiria halafu nikalipuuza. Halikuwemo kabisa kichwani mwangu.

Usaili ulikuwa mrefu. Mwanamke aliyenihoji aliniuliza udhaifu wangu mkubwa ni upi, nikamwambia nafikiri sana. Akacheka, akasema kwenye uhariri huo si udhaifu. Niliposhuka kwenye kichuguu nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miezi.

Niliwasikia kabla sijawaona. Kweleakwelea wakila kwa pamoja wanatoa sauti kama mafuta yanayoungua kikaangoni. Walikuwa kwa jirani, kona ya chini, na walikuwa wengi kiasi kwamba mpunga ulikuwa umebadilika rangi. Nilikimbia. Nilipiga kelele mpaka nikakohoa, nikatupa madonge kwa mkono kwa sababu kombeo nililiacha juu. Walinyanyuka, wakazunguka, wakatua tena. Niliwafukuza mara tano, mara sita, ndipo wakaenda mtoni.

Nilisimama kwenye kona ile. Mpunga wenye punje huinamisha kichwa. Ule wa kwenye kona ulikuwa umesimama wima, jaruba zima na nusu ya la pili, umenyooka na mwepesi. Chini kulikuwa na maganda meupe kama mtu amekuna nazi.

Jirani alinikuta pale. Nilikuwa na udongo hadi viwikoni, kanga imechanika, sauti imekauka. Aliangalia mpunga wake. Akasema, "Ya Rabi," mara moja, taratibu. Akatembea hadi katikati ya jaruba, akashika suke moja, akaliminya kwa vidole, halikuwa na kitu. Kisha akaanza kulia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kanga. Nilikuwa naandaa maneno. Akaja, akanishika mikono yote miwili.

"Ahsante mwanangu," akasema. "Ahsante kwa kunishikia. Hawa wakija kwa wingi namna hii mtu mmoja hawawezi. Angalia ulivyochakaa. Ungekuwa huna moyo ungelinda la shangazi yako tu."

Nilikuwa najaribu kuelewa ananishukuru kwa nini. Kunishikia. Kumshikia nini? Na jibu lilikuwa linaanza kuja, polepole, wakati bado kanishika mikono, na mimi nikalisukuma nyuma na kusema, "Pole mama."

Jioni shangazi aliporudi nilimuuliza, nikijifanya namuuliza kwa ajili ya daftari langu.

"Shangazi, mtu akisema nashuka, wewe ukaitikia, ndiyo inakuwaje?"

"Ukiitikia umepokea. Lindo lake liko kwako mpaka arudi."

"Hata kama umesema abee tu?"

"Hata ukipiga debe. Alichotaka ni kusikia kuna mtu kasikia."

"Na kama hutaki?"

"Unanyamaza. Akisikia kimya anajua kila mtu ana lake, anakaa au anamwita mwingine kwa jina. Kwani huoni yule mzee? Macho yake mabovu, hapokei cha mtu asichoweza kukiona. Mtu mwaminifu sana yule."

Niliandika kwenye daftari.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza kwa dhati. Nilikuwa na hoja. Hakuna aliyeniambia. Hata shangazi, kwa kunieleza jioni ile tu, alikiri bila kujua kwamba hakuwa amenieleza kabla. Mtu hawezi kufungwa na desturi asiyoijua. Lakini pia nilikuwa nimekaa pale siku tatu nzima nikisikia sauti zile zikienda na kurudi, na mimi niliyesomea lugha sikujiuliza hata mara moja watu wanaambiana nini. Tena, hata ningekuwepo, je, ningewazuia ndege wale? Jirani mwenyewe alisema mtu mmoja hawawezi. Labda wangekula vilevile. Labda wangekula nusu jaruba badala ya jaruba na nusu. Nilijaribu kukadiria ni kiasi gani cha hasara ni changu na kiasi gani ni cha ndege, kama vile ndege wana sehemu yao ya kosa. Kisha nikajicheka. Kisha nikaanza tena.

Ukweli niliokuwa naukwepa ni kwamba maswali yote yale yalihusu alasiri, na mimi kilichokuwa kinaniuma ni ile dakika ya baadaye, aliponishika mikono.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Ndege wakishaonja mahali hurudi palepale. Kila alfajiri walikwenda kwanza kwenye kona ya jirani, wakisogea ndani kidogo. Alikuwa akiamia peke yake, akishuka mara chache kuliko zamani, lakini kwa mama yake ilibidi aende. Kumgeuza, kumlisha, kumsafisha. Alipopaza sauti, nilisikia jinsi sauti yake kubwa ilivyokwaruza sasa. Niliitikia na nililinda, kweli nililinda, nikikimbia kutoka dungu letu hadi lake na kurudi, na kila aliporudi alinishukuru tena. Shangazi alinitazama na kusema siku hizi nimekuwa na bidii ya ajabu. Alisimulia hata kwa watu wa njiani: mtoto wa kaka yake, wa mjini, msomi, kapambana na ndege peke yake.

Jumatano mchana, ndege wakiwa wamepumzika nami niko kichuguuni, ile ofisi ilinipigia. Nimepata. Niripoti Jumatatu.

Shangazi alipiga vigelegele viwili. Nyumbani baba alisema Alhamdulillahi mara nyingi mpaka nikamsikia mama akimnyang'anya simu. Jirani alikuja na mihogo ya kuchemsha iliyotiwa tui, akanipa mwenyewe mkononi.

"Ule kabla hujaenda kula chakula cha Dar cha kupima kwa kijiko," akasema. "Mungu akulipe. Ulinishikia siku ngumu."

Nilikula ile mihogo mbele yake.

Nilibaki na Alhamisi nzima ya kujadiliana na nafsi yangu. Nikimwambia, nitakuwa najitua mzigo na kumtwika yeye. Nisipomwambia, nitakuwa mwizi wa shukrani. Nikimwambia halafu nikaondoka Jumatatu, kuna faida gani? Nikibaki, kuna hakika gani kwamba nitaokoa chochote? Shangazi angeweza kumsaidia. Lakini shangazi ana presha, na tangu nije hakuwa amepanda dungu zaidi ya siku zile tatu. Kwa hesabu ya jirani, ilibaki kama wiki mbili kabla ya kuvuna. Mtu mmoja asingezimaliza wiki hizo na mgonjwa kitandani. Hilo kila mtu bondeni alilijua na hakuna aliyelisema.

Ijumaa asubuhi, wakati shangazi yuko juu ya dungu kwa saa mbili tu kama alivyoahidi, akiwa amepokea na lindo la jirani, nilikwenda kijijini. Nilimkuta jirani uani kwake akifua mashuka ya mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuaga? Karibu, kaa kwenye mkeka."

"Nimekuja kusema jambo."

"Sema, nafua huku nasikia."

Nilikuwa nimepanga utangulizi mrefu. Nikauacha. "Siku ile ndege walipokula kwako, sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Kwenye dungu. Nilikwenda kichuguuni kupokea simu. Nilikaa karibu saa nzima. Niliporudi nikawakuta wameshakula."

Aliendelea kukamua shuka, akalikamua mpaka halikutoa tena tone.

"Lakini uliniitikia."

"Niliitikia. Sikujua kwamba ukiitikia umepokea."

"Ulidhani nasemaje?"

"Nilidhani unaaga tu."

"Naaga!" Akasimama wima na shuka mkononi. "Kila siku mara nne naaga? Kwani naenda Makka?"

Nusura nicheke, na nadhani na yeye nusura acheke, lakini uso wake ulipita kwenye kicheko bila kusimama.

"Wiki nzima nakusifia," akasema. "Nimekusifia mpaka kwa mama mle ndani, mgonjwa wa watu, nimemwambia kuna mtoto wa mjini ana moyo kuliko watu wa hapa. Kakuombea dua. Sasa nikamwambie nini? Airudishe?"

"Nisamehe mama."

"Kutojua nakusamehe. Wangapi hawajui. Nakuuliza la pili. Nilipokushika mikono pale nikakushukuru, ulikuwa unajua?"

Hapa nilikuwa na hoja zangu zote tayari. "Nilianza kujua," nikasema.

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Na mihogo yangu ukala."

"Ndiyo mama."

Alitundika shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote nne kwa utulivu uliotisha kuliko kelele. "Hilo la pili bado. Usinihimize."

Nikasema nitaamia kwake mpaka avune. Nilisema kabla sijafikiri, na kwangu hilo ni jambo geni.

"Jumatatu si unaanza kazi?"

"Ndiyo. Sijui."

"Basi nenda kajue kwanza. Usinipe neno la nusu. Nina la juzi bado sijalimaliza."

Nilikwenda kichuguuni mchana huohuo. Nilipiga simu, nikamwomba yule mwanamke wa usaili niripoti baada ya wiki mbili. Akaniuliza kuna tatizo gani. Nilitafuta sababu inayofaa ofisini: ugonjwa, msiba, harusi. Nikasema kuna mpunga wa jirani uliliwa na ndege kwa uzembe wangu, na uliobaki unahitaji mtu.

"Dada," akasema, "mimi sina mamlaka hayo. Jumatatu ndiyo siku. Nitamwambia mkuu, lakini sikuahidi kitu. Nafasi hizi watu wanazigombania."

"Naelewa."

"Una uhakika?"

Nikamwambia sina uhakika, lakini Jumatatu sitakuja. Nilikata simu na nikakaa pale juu ya kichuguu, nikijiuliza kama nimefanya jambo la haki au nimefanya jambo la kijinga kwa sauti ya haki.

Shangazi aliponisikia alinipandishia sauti. "Nafasi ya kazi unaiacha kwa ajili ya jaruba moja na nusu? Ungeniambia mimi! Ningemgawia kwangu wakati wa kuvuna, yakaisha kimyakimya, wewe ukaenda zako!"

"Yangeisha kwako, shangazi. Na yaliyobaki angeyaamia nani?"

"Baba yako nitamwambia nini?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Nilimwambia baba jioni ile. Aliniuliza mara mbili kama nimelogwa, kisha akampa mama simu, na mama akauliza swali moja tu, kama nina viatu vya kuingilia matopeni. Mpaka leo sijui alikuwa upande gani.

Jumatatu nilifika kwenye dungu la jirani mapema, matone ya umande yangali kwenye mpunga. La shangazi ningelikimbilia kutoka hapo, kama nilivyozoea siku zile. Alikuwa ameshafika, anafunga kopo lililochomoka. Nilimwamkia, akaitikia. Hakusema karibu. Alinionyesha kamba tano, ipi inakwenda kona ipi, na akaniambia ile ya kona ya chini niivute kwa nguvu kwa sababu imelegea. Akaniambia atakwenda kwa mama yake na atarudi saa nne. Kisha akashuka. Nusu ya njia aligeuka, akasimama, akaliangalia shamba lake lote kwa muda mrefu, halafu akaniangalia mimi, na akaendelea.

Ndege wa kwanza walikuwa wanatoka kwenye matete, kama ishirini hivi. Nilishika kamba ya kona ya chini kwa mikono miwili, nikaivuta.